Albert Gallatin na Deni la Marekani

Habari za waasisi wa Marekani huishia mara nyingi kwa Washington, Jefferson na Hamilton. Albert Gallatin hutajwa kwa kupita tu, na kwangu huko ni kumdhulumu, kwani ndiye aliyelizoesha Bunge la nchi ile kuuliza fedha za umma zimekwenda wapi.

Alizaliwa Geneva mwaka 1761, akahamia Amerika akiwa na miaka 19. Alipoingia Seneti mwaka 1793 akiwakilisha Pennsylvania, hakukawia kuitaka Hazina, iliyokuwa mikononi mwa Hamilton, itoe mchanganuo wa madeni, mapato na matumizi. Februari 1794 maseneta walimwondoa kwa kura 14 dhidi ya 12, hoja yao ikiwa kwamba hajatimiza miaka 9 ya uraia. Mwaka uliofuata alirejea kupitia Baraza la Wawakilishi, akashinikiza iundwe kamati ya kusimamia fedha. Msimamo wake haukuyumba: fungu lililoidhinishwa kwa kazi moja lisitumike kwa nyingine.

Jefferson alimteua Waziri wa Fedha mwaka 1801, akaishika wizara karibu miaka 13, muda ambao hakuna mwingine aliyeufikia. Alikuta deni la dola milioni 83 hivi. Kila mwaka alitenga zaidi ya dola milioni 7 za kulipa riba na kupunguza deni lenyewe. Louisiana ilinunuliwa kwa dola milioni 15, na bado kufikia 1812 deni lilikuwa limeshuka hadi milioni 45.

Udhaifu wa mpango huo ulikuwa chanzo cha mapato. Kodi ya wiski na nyingine za ndani zilifutwa mwaka 1802, serikali ikabaki kutegemea ushuru wa forodha. Desemba 1807 meli za Marekani zilipigwa marufuku kwenda nchi za nje. Gallatin alikuwa amemwandikia Jefferson kupinga marufuku isiyo na ukomo. Hakusikilizwa, na makusanyo ya bandarini yakaporomoka. Mwaka 1811 Benki ya Marekani, aliyoitetea kwa nguvu, ilikufa kwa kura ya uamuzi ya Makamu wa Rais George Clinton baada ya Seneti kugawanyika sawasawa. Mwaka uliofuata vita na Uingereza vikaanza, serikali ikitafuta mikopo bila benki yake. Vilipokwisha, deni lilikuwa limepita milioni 120.

Gallatin mwenyewe alikuwa Ghent wakati huo, miongoni mwa wajumbe 5 wa Marekani waliotia saini mkataba wa amani tarehe 24 Desemba 1814.