Usifukue Kilichopandwa

Ndugu msomaji, huenda ua hili unalo uani bila kujua jina lake. Mvua za kwanza zikinyesha, kikonyo kinene huchomoza kwenye udongo mtupu, na juu yake hufunguka duara jekundu kama mpira, lenye vijiua vingi vyembamba. Hiyo ndiyo nyinyoro. Mama yangu alinipa tunguu lake nilipooa, nikalipanda chini ya mparachichi.

Kulitunza ua hili si kazi kubwa. Linataka kivuli chepesi na udongo wenye mboji usiotuamisha maji, kwa maana tunguu likikaa majini huoza. Lipande shingo yake ikiwa karibu na uso wa udongo. Ua likinyauka, kata kikonyo, lakini majani yaache mpaka yakauke yenyewe. Hayo ndiyo yanayotengeneza chakula na kukiweka akiba katika tunguu kwa ajili ya mwaka ujao. Tena lina sumu, basi lisifikiwe na mbuzi, na watoto waonywe wasilidhanie kitunguu.

Mtihani uko kiangazi. Majani yote hupotea, unabaki udongo tu, na kazi yako ni kuliacha lipumzike.

Mwaka juzi nilishindwa kuliacha. Ilikuwa Oktoba, na kwetu Iringa mvua huanza Novemba. Kijana wetu alikuwa amemaliza chuo, mwaka wa pili huo hana ajira. Kila asubuhi, kabla hajashika kikombe cha chai, nilimwuliza: "Umeomba wapi? Wamekujibu nini?" Nilidhani hayo ndiyo malezi. Akaanza kuchelewa kuamka ili nitangulie kutoka. Kisha akaacha kula nasi.

Jioni moja nikachukua jembe, nikaenda kuona kama ua la marehemu mama limekufa. Nikafukua. Tunguu lilikuwa zima, limeanza kutoa mizizi mipya, myeupe. Jembe langu lilikuwa limeikata. Msimu ule nyinyoro ilitoa majani mawili tu, haikuchanua.

Bwana Yesu alipofundisha juu ya wasiwasi, katika Mathayo sura ya 6, aliwaelekeza wasikilizaji wake kwenye maua ya kondeni. Wengine tumelisoma neno hilo kana kwamba linatuambia tukae tu. Lakini aliyewahi kupanda maua anajua kwamba ua halilali bure. Majani yanafanya kazi masika yote, na tunguu linaitunza akiba hiyo gizani. Ambalo ua halifanyi ni kujisumbua juu ya siku ambayo haijafika. Siku hiyo iko mikononi mwa Baba.

Mimi wasiwasi wangu niliuita upendo, kumbe ulikuwa jembe. Kumlipia kijana nauli ya kwenda kwenye usaili ni kumwagilia. Kumwombea ni kumwagilia. Kumhoji kila asubuhi ni kufukua, na kila ukifukua unakata mzizi usiouona.

Nilimwomba msamaha usiku mmoja jikoni, mama yake akisikia. Hakusema mengi. Kesho yake alikuja kunywa chai pamoja nasi. Kazi ya kudumu hajaipata mpaka leo ninapoandika. Anafanya vibarua, na jioni hutusimulia mambo ya huko bila kuulizwa. Na nyinyoro? Msimu uliofuata ilichanua.

Mpendwa, leo ukirudi kutoka ibadani, mfikirie mtu wa nyumbani mwako ambaye umekuwa ukimfukua. Pengine ni binti ambaye hajaolewa, au mkwe ambaye hajapata mtoto, au mume aliyepunguzwa kazini. Swali lile la kila siku usimwulize leo. Mwandalie chakula, kaa naye, kisha jina lake ulipeleke kwa Mungu kabla hujalala. Yeye anaona kinachoendelea chini ya udongo.

Jumapili njema.