Konvalaria, maua ya kivulini

Anayepanga nyumba Ulaya yenye kijibustani chini ya miti mikubwa huambiwa mapema kwamba hapo hapastawi kitu. Wasemao hivyo hawajaingia msituni mwezi Mei. Humo hunukia konvalaria (Convallaria majalis), mmea wa kimo cha shubiri moja hivi, wenye majani mawili mapana na kikonyo kilichoning'iniza vikengele vyeupe upande mmoja. Tarehe 1 Mei Wafaransa hupeana vishada vyake, na siku hiyo hata asiye mfanyabiashara huviuza barabarani.

Miti ya huko hupukutisha majani kabla ya baridi kali. Machipuko yakianza, jua hufika hadi chini, na mimea ya msituni huharakisha kukua kabla majani mapya hayajaziba mwanga. Konvalaria huweka akiba yake katika mashina yanayotambaa ardhini kama tangawizi.

Vipande vya mashina hayo, vyenye machipukizi, ndivyo vya kupanda Oktoba au Novemba. Vifukie sentimita 3 hadi 5, kimoja mbali na kingine sentimita 15, kisha utandaze mboji ya majani yaliyooza. Mwagilia maji mwaka wa kwanza, maana mizizi ya miti haimwachii mgeni kitu. Maua yakikawia, subiri. Mmea ukishakolea, kazi huwa ni kuuzuia usifunike bustani nzima. Mimi ningeupanda kwenye pembe iliyozingirwa na saruji. Kwetu pwani usijisumbue: bila baridi ya miezi kadhaa hauchanui, na asmini tunayo.

Harufu ya konvalaria haikamuliki kwa kiasi cha kufaa biashara. Edmond Roudnitska, alipotunga manukato ya Diorissimo mwaka 1956, ilimbidi aiunde kwa kemikali.

Lakini mmea huu ni sumu ya moyo, kuanzia majani hadi matunda yake mekundu, hata maji ya chombo yalimowekwa maua. Majani yake hufanana na ya kitunguu saumu cha mwituni, ambacho watu huchuma msimu huohuo kwa kupikia. Ili kuyatofautisha, usitegemee kunusa pekee: ukishashika kitunguu saumu, vidole vyenyewe vitakudanganya. Usiupande karibu na mboga. Aliyeula apelekwe hospitali mara moja bila kungoja dalili, na mwenye watoto wadogo nyumbani achague ua jingine.