Wakulima Waliogombana Wakati wa Vita

Ndugu wasikilizaji, wiki hii naomba twende Australia, katika jimbo la Victoria. Si ziwa letu, ingawa jina ni la malkia yule yule.

Tarehe 12 Juni 1943 watu wa Victoria walipiga kura vijana wao wakiwa New Guinea wakipambana na Wajapani. Mwaka mmoja kabla yake, Februari 1942, mabomu ya Japani yalikuwa yameangukia Darwin. Ungedhani hatari ya namna hiyo ingewapatanisha wanasiasa. Wapi!

Waziri Kiongozi wa jimbo, Albert Dunstan, alikuwa mtu wa chama cha wakulima. Alishika madaraka Aprili 1935 kwa ujanja wa kutosha: aliwatupa wahafidhina wa mjini, akatawala kwa kura za chama cha wafanyakazi, Labor. Lakini katika serikali ya shirikisho chama hicho hicho cha wakulima kilikaa pamoja na wahafidhina. Hapo ndipo palipozaa ugomvi. Mwaka 1937 mbunge wa shirikisho kutoka Victoria, John McEwen, alikubali uwaziri katika serikali ya Joseph Lyons. Chama chake cha jimbo kilikuwa kimekataza mbunge kuingia serikali ya mseto bila ruhusa. Kikamfukuza. Mwaka 1938 wafuasi wake wakatoka mkutanoni, wakaunda chama chao.

Swali walilogombania ni zito: mbunge ni wa nani? Ni wa wajumbe wa chama waliomsimamisha, au ana akili yake mwenyewe akishachaguliwa? Mimi naona McEwen alivunja sheria aliyoijua. Lakini Dunstan hakuwa na uso wa kumhukumu, maana mwaka 1926 yeye mwenyewe alijitenga na chama cha wakulima, na kundi lake halikurudi mpaka 1930.

Ugomvi ukadumu miaka mitano. Mwaka huo huo wa 1943 pande mbili zikaungana tena. Mkulima wa ngano hakuwa na faida yoyote kwa kugawanya kura zake, na Labor ilikuwa imekwisha kuacha kumbeba Dunstan.

Sasa nyinyi wa mjini sikilizeni hapa. Bunge lilikuwa na viti 65, na zaidi ya nusu ya watu wa jimbo waliishi Melbourne. Lakini mipaka ilichorwa hivi kwamba kura ya shamba ilikuwa na uzito wa karibu kura mbili za mjini. Ndiyo maana chama kidogo kilitawala muda mrefu vile. Kugawa mipaka upya ndiyo hoja iliyomchoma Dunstan kuliko vita.

Septemba 1943 serikali yake ikaangushwa bungeni. John Cain wa Labor akaapishwa tarehe 14, na tarehe 18 akawa nje! Siku nne tu. Dunstan alikuwa amewarudia wale wale wahafidhina aliowatupa mwaka 1935, safari hii kiongozi wao akiwa Thomas Hollway.

Oktoba 1945 Dunstan akaondoka, baada ya Bunge kuinyima serikali yake fedha. Uchaguzi wa Novemba ukafanyika kwa mipaka mipya, na Cain akarudi. Alikaa miaka miwili.