Mpimbwe na Msukuma: Majirani Tusiowajua

Mwulize mwanachuo yeyote hapa hosteli Mkorea anapokeaje kikombe kutoka kwa mkubwa wake. Atakuonyesha palepale: mikono miwili, kichwa kimeinama kidogo. Kajifunza kwenye tamthilia, tangu enzi zile za Jumong mtaa mzima ulipokuwa unajaa kwenye televisheni moja. Mwulize kuhusu Mmarekani, atakuambia huyo anaweza kumwita profesa wake kwa jina la kwanza na hakuna anayeshtuka, na wakitoka kula kila mtu analipa sahani yake. Sawa kabisa. Sasa mwulize huyohuyo: Mpimbwe anaoaje? Msukuma aliyeua simba anapewa nini na majirani? Hapo utasikia kimya, au utasikia utani wa kantini.

Hii si haki, maana hao ndio majirani zetu. Ukishuka stendi ya Mpanda ukachukua bodaboda kuja huku Magamba, utapishana na Mkonongo, Mbende, Mpimbwe, Mfipa, Muha, Msukuma na ndugu zetu wenye asili ya Burundi wanaotoka Katumba. Mkoa wa Katavi wenyewe ni mchanga, umekatwa kutoka Rukwa mwaka 2012, lakini mchanganyiko wake ni wa siku nyingi. Siwezi kuwaeleza wote kwenye kurasa hizi chache. Nachukua wawili tu, Wapimbwe na Wasukuma, kwa sababu hao wawili wamelinganishwa na watafiti kwa miaka mingi, na kwa sababu wengi wetu tukimaliza chuo tutapangiwa kazi katikati yao.

Nani ni nani

Wapimbwe ni wenyeji wa Mpimbwe, kusini mwa Mpanda, kwenye bonde la Rukwa. Ni wakulima wa jembe la mkono, na kwa asili ni wawindaji na wavuvi. Historia yao kubwa ni ya kuhamishwa. Wakati wa ukoloni serikali iliwakusanya watu sehemu moja kwa sababu ya ugonjwa wa malale, na maeneo mengine yakatengwa kwa ajili ya wanyama. Katika miaka ya 1970 ikaja operesheni ya vijiji vya ujamaa. Mwaka 1974 Katavi ikatangazwa Hifadhi ya Taifa, na mwaka 1998 ikaongezwa hadi kufikia kilomita za mraba 4,471. Ndani ya hifadhi hiyo, karibu na Ziwa Katavi, upo mkwaju ambao wenyeji wa eneo hili wanasema unakaliwa na roho ya mwindaji Katabi, na watu huacha sadaka pale. Jina la mkoa wetu limetoka huko.

Wasukuma ndio kabila kubwa kuliko yote Tanzania, na kwao ni Mwanza, Shinyanga, Simiyu na Geita. Walianza kuingia bonde la Rukwa kwa wingi kuanzia miaka ya 1970, wakiwa na ng'ombe, wakitafuta malisho na mashamba baada ya kwao kubana. Kwa hiyo mmoja kazaliwa hapa akapunguziwa eneo, na mwingine kaja na mifugo akitafuta eneo. Kabla hujazungumzia mila, weka hilo kichwani.

Nyumba na salamu

Ukiingia kijiji cha Kipimbwe, nyumba zimekaribiana. Jirani akikohoa unasikia. Kaya nyingi ni ndogo: mume, mke, watoto, pengine bibi.

Mji wa Msukuma uko mbali na kijiji, katikati ya mashamba yake, na zizi la ng'ombe liko hapohapo. Ndani yake unaweza kumkuta mzee, wake zake, vijana wake waliooa na wajukuu, wote wakilima na kula pamoja. Ndiyo maana mtu wa mjini akipita barabarani anasema "hawa watu wanaishi porini", wakati mwenye mji anajiona kakaa mahali sahihi kabisa, karibu na mali yake.

Salamu nazo hufuata mpangilio huo. Kwa Wasukuma, asubuhi ni "Mwangaluka", na kuanzia mchana ni "Mwadila". Salamu haikimbizwi. Binti au mama kijana humpigia magoti mkubwa wake, na mtoto haanzi habari yoyote kabla ya kusalimia. Kijijini kwa Wapimbwe watu wanaonana mara kumi kwa siku, kwa hiyo salamu ni fupi na inaendelea njiani, mtu na jembe lake begani. Mgeni asiyejua atasema wa kwanza ana heshima na wa pili hana. Sivyo. Yule anayemwona mwenzake mara moja kwa wiki lazima aulizie ng'ombe, watoto na mvua kwa pamoja. Mwenye jirani ukutani ameshasikia majibu yote.

Ndoa: ng'ombe na jembe

Hapa ndipo tofauti inapokuwa kubwa.

Ndoa ya Kisukuma hufungwa kwa ng'ombe. Mahari si ya kijana peke yake. Baba anatoa, wajomba na baba wadogo wanaongeza. Ng'ombe hao wakishafika kwa wakwe, ukoo mzima una hisa kwenye ndoa ile. Mke akiondoka, swali la kurudisha mahari linaamka, kwa hiyo wazee wa pande zote mbili wana sababu ya kukaa kikao na kusuluhisha. Mwenye ng'ombe wengi anaweza kuoa mke wa pili na wa tatu, na kaya ikazidi kukua.

Mpimbwe hana zizi. Zamani kijana aliweza kuwatumikia wakwe zake kwa kazi badala ya kulipa mali. Siku hizi mara nyingi mwanamume na mwanamke wakianza kukaa pamoja na kulima pamoja, kijiji kinawahesabu ni mume na mke. Na kwa kuwa hakuna ng'ombe wa kudaiana, wakishindwana wanaachana, na si ajabu mtu kuoa au kuolewa zaidi ya mara moja maishani.

Kwenye stori za vijiweni, hilo linaitwa "kukosa maadili". Mtafiti Monique Borgerhoff Mulder, aliyefuatilia kaya za Kipimbwe tangu miaka ya 1990, alichapisha mwaka 2009 matokeo yanayotufanya tufikiri upya. Aliona kuwa wanawake waliowahi kuolewa na waume kadhaa walikuwa na watoto walio hai wengi kuliko wenzao, wakati kwa wanaume kubadilisha wake hakukuleta faida hiyo. Kwa maneno ya kawaida: pale ambapo maisha ni magumu na mume anaweza kushindwa kulisha, mama anayeweza kuondoka ana njia ya kuwaokoa watoto wake. Unaweza usipende mila hiyo, lakini huwezi kusema haina akili.

Chakula na pombe

Kwa Msukuma kuna ugali, maziwa, na viazi vitamu vilivyokaushwa kwa ajili ya kiangazi: michembe hukatwa na kuanikwa vikiwa vibichi, matobolwa huchemshwa kwanza. Hiyo ni benki ya chakula. Kwa Mpimbwe kuna ugali wa mahindi au muhogo, na samaki wa mito na Ziwa Rukwa. Mama wa Kipimbwe anajulikana kwa kupika pombe ya kienyeji. Watu wanacheka, "Wapimbwe na pombe!" Lakini fuatilia fedha ya ile pombe inakwenda wapi: daftari la mtoto, chumvi, dawa, mbegu. Kwa mwanamke asiye na ng'ombe wala mshahara, pipa lile ndilo mradi wake.

Mchezo wa fedha

Mwaka 2003 watafiti wawili, Brian Paciotti na Craig Hadley, walichapisha utafiti waliofanya kwa Wapimbwe na Wasukuma wa eneo hili. Walitumia mchezo ambao wanafunzi wa uchumi mnaujua. Watu wawili wanapewa fedha. Wa kwanza anapendekeza mgawo: mimi nibaki na hiki, wewe chukua hiki. Wa pili akikubali, kila mtu anachukua chake. Akikataa, wote wanakosa.

Wasukuma walielekea kugawa kwa ukarimu zaidi kuliko Wapimbwe. Hapo mtu mvivu wa kufikiri atakimbilia kusema "Wasukuma wana roho nzuri". Watafiti hawakusema hivyo. Walielekeza macho kwenye taasisi. Msukuma kakulia kwenye mfumo unaomfunga na watu wa mbali: mkutano wa kijiji, vikundi vya kulima kwa zamu na ngoma, na sungusungu, ambayo ilianza Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980 kupambana na wizi wa ng'ombe. Anayekwepa wajibu anatozwa faini, na akikaidi anatengwa: hakuna wa kumsalimia, hakuna wa kumzikia. Ukiishi hivyo tangu utoto, kumpa mwenzako fungu nono ni tabia ya kawaida, kama kunawa mikono kabla ya kula.

Mpimbwe naye husaidia sana, ila msaada wake umejikita kwa ndugu wa karibu. Na ukikumbuka amehamishwa na kupangwa upya mara ngapi, utaona kwa nini mtu amwamini dada yake kabla ya kamati.

Simba

Mfano wa mwisho unaonyesha kuwa mila inaweza kugeuka. Kwa Wasukuma, kijana aliyeua simba aliyevamia ng'ombe alihesabiwa shujaa. Alizunguka kwa ndugu na majirani akicheza ngoma ya simba, nao wakamtuza fedha na hata ng'ombe. Ina maana yake: kalinda mali ya wote, basi wote wamlipe. Ila zawadi ikinoga, watu hutafuta sababu. Baadhi ya vijana wakaanza kuwafuata simba mbali na mazizi, pembezoni mwa Katavi, ili tu wapate kucheza. Simba wakapungua.

Kilichofuata kinatufundisha zaidi ya semina kumi. Mradi wa WASIMA, yaani Watu, Simba na Mazingira, haukuja kuwaambia Wasukuma kwamba mila yao ni mbaya. Ulikaa na wazee na viongozi wa jadi, na wao wenyewe wakatofautisha anayelinda zizi na anayewinda zawadi. Zikawekwa sheria ndogo za kumbana huyo wa pili na kuzuia watu wasimtuze. Nguvu ileile ya faini na kutengwa iliyowakamata wezi wa ng'ombe ikatumika kulinda simba.

Utani una kanuni zake

Turudi kantini. Msukuma anaigizwa anavyochanganya "r" na "l" akiwa anatoa hoja kwenye kikundi cha majadiliano, mpaka anaacha kuzungumza. Binti wa Kipimbwe anaulizwa "wewe umeolewa mara ngapi?" halafu wanasema "aah, utani tu bwana!"

Utani wetu wa asili si huo. Wachaga na Wapare, au Wanyamwezi na Wazaramo, wanataniana kwa haki ya pande zote: unanichokoza leo, kesho nakuchokoza, na siku ya msiba mtani ndiye anayekuja kufanya kazi na kuwachekesha wafiwa. Utani una deni ndani yake. Kumcheka mtu ambaye hana nafasi ya kukujibu, na ambaye msibani kwao hutakwenda, hiyo ni kejeli. Tuiite kwa jina lake.

Ukienda fildi

Wenzetu wa kilimo, hasa mlio karibu na kampasi ya SUA ya Mizengo Pinda kule Mpimbwe, na nyie wa ualimu, afya na maendeleo ya jamii, hili si suala la maarifa ya jumla tu. Bwana shamba akitaka Wasukuma wapunguze mifugo, na akaenda kuongea na kijana mwenye simu nzuri, amepoteza siku: ng'ombe wana hisa za ukoo, aanze na mzee wa mji, na aanze na salamu iliyokamilika. Muuguzi akitangaza kliniki ya "baba na mama" kwenye kijiji cha Kipimbwe bila kujua kwamba bibi mzaa mama ndiye anayelea, atalalamika kwamba watu hawaji. Afisa atakayesuluhisha ugomvi wa shamba na malisho bila kujua nani alihamishwa lini, atawasha moto badala ya kuuzima.

Na usisahau kuwa mila si chapa ya moto. Wapo Wasukuma wasio na hata ndama mmoja, wapo Wapimbwe wafugaji, na wapo watoto wengi hapa Magamba ambao baba ni wa huku na mama ni wa kule, wanaokula michembe asubuhi na samaki wa Rukwa jioni. Majina kama Kulwa na Doto yalitoka kwa Wasukuma na Wanyamwezi, leo pacha yeyote Tanzania anaitwa hivyo bila kuulizwa kabila.

Kwa hiyo tuendelee kuangalia tamthilia za Kikorea, hakuna ubaya. Ila wiki hii, kabla ya kipindi kijacho, mtafute mwenzako wa chumba cha pili umwulize kwao wanasalimianaje. Akikujibu, mjibu kwa salamu ya kwenu.