Vaisakhi: Siku Wasikh walitupa majina ya tabaka

Kenya hii ukitaja jina lako la pili tu, mtu ashakupangia kabila, kaunti na hata mgombea utakayempigia kura. Sasa jiulize: vipi kama watu wangeamua kulitupa hilo jina kabisa? Hiyo ndiyo stori iliyo ndani ya Vaisakhi, sikukuu ambayo Wasikh, wale mtaani tunaowaita Kalasinga, husherehekea Aprili 13 au 14.

Mwanzo ilikuwa sherehe ya mavuno ya ngano kule Punjab. Mambo yalibadilika mwaka wa 1699. Guru Gobind Singh, kiongozi wa kumi wa dini hiyo, aliwaita watu Anandpur. Inasimuliwa kwamba alichomoa upanga, akauliza nani yuko tayari kutoa kichwa chake. Umati kimya! Mmoja akajitokeza, akaingizwa hemani. Guru akatoka peke yake, upanga ukichuruzika damu, akaita mwingine. Hivyo hivyo hadi wakafika watano. Mwishowe wote wakatoka wakiwa wazima.

Kati yao mmoja alikuwa mchota maji, mwingine kinyozi. Enzi hizo, kunywa chombo kimoja na watu kama hao ilikuwa mwiko kwa wa tabaka la juu. Lakini wote watano walikunywa bakuli moja la maji ya sukari yaliyokorogwa kwa upanga. Kisha Guru mwenyewe akawaomba wampe naye anywe. Mkubwa kapiga magoti mbele ya wadogo. Hapo ndipo Khalsa, jamii ya Wasikh waliokula kiapo, ilizaliwa. Wanaume wakaitwa Singh, yaani simba, na wanawake Kaur.

Si eti ubaguzi uliisha siku hiyo. Hadi leo wapo wanaoongeza jina la ukoo baada ya Singh, na tabaka bado huchungulia wakati wa ndoa. Ndiyo maana sikukuu hurudi kila mwaka kuwakumbusha.

Siku yenyewe, kitambaa cha bendera ya hekalu hubadilishwa. Kwenye maandamano, watu watano wenye panga hutangulia kitabu kitakatifu, nyimbo zikipigwa. Lakini pia kuna majonzi: Aprili 13, 1919, siku ya Vaisakhi, wanajeshi waliokuwa chini ya amri ya Waingereza waliwamiminia risasi watu waliokusanyika Jallianwala Bagh, Amritsar, wakaua mamia.

Halafu kuna msosi, langar. Ni bure, hauna nyama, na tajiri na hasla wote hukaa chini sakafuni. Huku kwetu, ambako Wasikh wengi walikuja kujenga reli, hekalu la Makindu kwenye barabara ya Mombasa hulisha wasafiri wa dini zote mwaka mzima. Ukipita, vua viatu, funika kichwa, na sigara na pombe ziache nje. Utapewa sahani bila kuulizwa jina la pili.