Mfalme Aliyejutia Ushindi

Njia ya Buddha: Sehemu ya 3

Wasomaji wengi wa Masisi na Walikale wameiona alama ya mfalme huyu bila kumjua mwenyewe. Wanajeshi wa India waliotumwa na Umoja wa Mataifa Kivu Kaskazini huvaa bendera ya nchi yao begani, na katikati yake pana gurudumu la buluu lenye spoki 24. Gurudumu hilo ni la Ashoka. Kwa Wabuddha ni alama ya mafundisho ambayo Buddha aliyaanza Sarnath, katika hotuba yake ya kwanza.

Sehemu mbili zilizotangulia zilimfuata Buddha toka Lumbini alikozaliwa hadi Kushinagar alikofia. Alipofariki, wafuasi wake walikuwa jumuiya moja kati ya nyingi za watawa kaskazini mwa India. Aliyeitandaza dini yao akaipa nguvu ya dola alikuwa mtu wa vita.

Ashoka alitawala sehemu kubwa ya Bara Hindi kuanzia mwaka 268 hivi hadi 232 KK. Katika mwaka wa nane wa ufalme wake alivamia Kalinga, nchi ya pwani ya mashariki ambayo leo ni Odisha, akashinda. Kilichofuata ni nadra katika historia ya wafalme: mshindi aliandika majuto yake juu ya mwamba. Alitaja watu 150,000 waliohamishwa kwa nguvu na 100,000 waliouawa vitani, akasema waliokufa kwa sababu nyingine walikuwa wengi kuliko hao. Akaongeza jambo ambalo takwimu za vita husahau: hata aliyesalimika mwenyewe huumia, kwa sababu ya ndugu na rafiki waliopatwa. Mwisho akatangaza kwamba tangu hapo ushindi bora kwake ni ule wa Dhamma, yaani mwenendo wa haki na huruma.

Watu wa Masisi na Walikale, ambao tangu mauaji ya soko la Ntoto mwaka 1993 wamehama na kurudi na kuhama tena, wanaielewa orodha hiyo bila mfasiri. Nao ndio watakaouliza swali ambalo waandishi wengi wa wasifu wa Ashoka hulipita: maneno hayo aliyachonga wapi?

Aliyachonga Shahbazgarhi na Mansehra, katika Pakistan ya leo. Aliyachonga Girnar, magharibi mwa India, na Kalsi chini ya milima ya Himalaya. Mpaka Kandahar, Afghanistan, sehemu ya tamko hilo imepatikana kwa Kigiriki. Lakini Dhauli na Jaugada, miamba miwili iliyo Kalinga yenyewe, haina tamko hilo. Mahali pake pana maagizo kwa maofisa: watu wote ni wanangu, msiwafunge bila sababu, msiwatese. Ni maagizo mema, ila hayasemi neno kuhusu waliokufa. Tena tamko lenyewe la majuto linawaonya watu wa msituni kwamba mfalme, pamoja na huzuni yake, bado ana uwezo wa kuwaadhibu.

Huenda aliogopa kuchochea uasi. Huenda aliona kwamba mfiwa anahitaji utawala bora kuliko hotuba. Hata hivyo, tukimpima kwa mizani ya dini aliyoifuata, kuna kilichopungua. Katika kanuni za watawa imo habari ya Sudhamma, mtawa aliyemtusi mwenye nyumba aitwaye Citta, mfadhili wa watawa. Aliagizwa aende kwa Citta mwenyewe kuomba msamaha. Alifika, aibu ikamshinda, akarudi bila kusema. Hakusamehewa safari. Alipewa mwenzake wa kumsindikiza, akarudishwa kwa yuleyule aliyemkosea.

Aliyewahi kukaa kwenye baraza la kusuluhisha ugomvi wa shamba au wa ng'ombe anajua kwa nini kanuni ikawa hivyo. Majuto yanayosemwa Goma, Kinshasa au kwenye hoteli za mikutano ya amani ng'ambo huwafikia wanadiplomasia kwanza. Aliyepoteza mtu Nyabiondo au Pinga huyasikia redioni, kama habari ya watu wengine. Utaratibu wa Sudhamma unadai mambo matatu: mkosaji aende mwenyewe, aende na shahidi, na aseme mbele ya aliyeumizwa. Aibu inatambuliwa, ndiyo maana anapewa msindikizaji. Lakini haikubaliwi kuwa sababu ya kutokwenda.

Ashoka anabaki mkubwa. Wafalme wengi walichonga hesabu ya waliowaua ili wasifiwe. Yeye aliichonga kwa majuto, na kwa mkono wake mwenyewe akatupatia ushahidi wa kumhukumu. Ila somo la amani lililo gumu zaidi katika Ubuddha limo katika safari ya pili ya mtawa mwenye haya kuliko katika mwamba wa mfalme.

Wiki ijayo: tawi la mti wa Bodhi ambalo, kwa mapokeo, binti wa Ashoka alilipeleka Sri Lanka, na jinsi Wasinhala wa kisiwa hicho walivyojenga hekalu lao Upanga, Dar es Salaam.