Nenosiri la waifai ya wateja lisifungue ofisi yako

Katika mikahawa, saluni na nyumba nyingi za wageni, nenosiri la waifai hubandikwa ukutani ili kila mteja ajiunganishe. Huduma hiyo huvuta wateja. Hatari huanza pale mtandao huohuo unapotumiwa pia na kompyuta ya hesabu, printa na kamera za usalama.

Mawimbi ya waifai hayakomi mlangoni. Hufika hata barabarani. Aliyepewa nenosiri mwezi uliopita, au mfanyakazi aliyeacha kazi, anaweza kuketi nje na kujaribu kuingilia vifaa hivyo.

Wenye biashara wanaweza kujikinga kwa hatua hizi:

1. Tenganisha mitandao. Ruta nyingi za kisasa zina mtandao wa wageni. Mtandao huo ukiwekwa ipasavyo, mteja hupata intaneti bila kufikia vifaa vya biashara. Nenosiri la mtandao wa kazi libaki kwa wafanyakazi, na libadilishwe kila mmoja wao anapoondoka.

2. Badilisha nenosiri la kusimamia ruta. Lile la kiwandani mara nyingi huandikwa chini ya kifaa au hupatikana kwa urahisi mtandaoni.

3. Chagua ulinzi wa WPA3, au WPA2 ikiwa ruta ni ya zamani kidogo. Epuka WEP, ambayo udhaifu wake ulifichuliwa mwaka wa 2001 na sasa huvunjwa kwa dakika chache.

4. Sasisha programu ya ruta, na uiweke mahali ambapo wateja hawawezi kuifikia.

Uzembe unaweza kugharimu zaidi ya fedha. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, biashara inayosimamia taarifa za wateja, zikidukuliwa na kuwaweka katika hatari ya kudhurika, hutakiwa kumjulisha Kamishna wa Data ndani ya saa 72 baada ya kufahamu. Mdukuzi naye, chini ya sheria ya uhalifu wa mtandaoni ya 2018, anaweza kutozwa faini ya hadi Sh5 milioni, kufungwa hadi miaka 3, au adhabu zote mbili.

Kuna jaribio rahisi: unganisha simu yako kwenye waifai ya wateja, kisha jaribu kuchapisha kwa printa ya ofisi. Karatasi ikitoka, mitandao hiyo bado haijatenganishwa.